Michezo ya Hadithi Mezani: Tuwafukuze Watoto au Tukae Nao?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, tangu likizo kubwa iliyopita tumekuwa tukiulizwa swali moja, na waulizaji wengi ni akina mama wa Buyenzi. Wanasema: vijana wamejikusanya kibarazani, wana karatasi, kalamu na dadu za ajabu zenye pande nyingi. Mmoja anaongea, wengine wanasikiliza, halafu ghafla wanabishana wote kwa pamoja. Ukiwauliza wanafanya nini, wanakujibu kwamba wapo ndani ya pango wanatafuta mlango wa kutokea. Je, hii ni kamari? Ni uchawi? Tuwafukuze au tuwaache?

Tumeona tulijibu swali hili kwa urefu kidogo, kwa sababu majibu yanayotolewa mitaani ni mafupi mno. Huyu anasema haramu, kwisha. Yule anasema ni mchezo wa watoto tu, hauna neno, kwisha. Wote wawili hawajakaa na vijana hao hata dakika kumi. Sisi tumekaa nao, na baadhi yetu sasa ndio tunaousimamia mchezo wenyewe nyumbani, kwa hiyo tunayoyasema hapa tumeyaona kwa macho.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Wanafunzi wetu wanauita kwa Kifaransa "jeu de rôle", yaani mchezo wa kushika nafasi ya mtu mwingine. Ulianza Marekani. Mwaka 1974 watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Kabla ya hapo watu wa aina yao walikuwa wakipanga askari wadogo wa kuchezea juu ya meza na kupigana vita vya majeshi. Jambo jipya lilikuwa hili: badala ya kila mchezaji kuongoza jeshi zima, akapewa mtu mmoja tu, mwenye jina, mwenye uwezo na udhaifu wake, na akaambiwa amwongoze mtu huyo ndani ya hadithi. Kwa hapa kwetu vijana wengi wamelisikia jina la mchezo huu kupitia filamu ya mfululizo ya Stranger Things iliyoanza kuonyeshwa 2016, na wengine wameupata kwa wenzao waliosoma nje.

Namna unavyochezwa si ngumu. Mmoja ni msimulizi. Anasema: "Mmefika ukingoni mwa Ruzizi, maji yamejaa, mtumbwi ni mmoja, nanyi mko watano. Mnafanyaje?" Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika wake. Jambo likiwa jepesi, msimulizi anaendelea. Likiwa na mashaka, hurushwa dadu la pande 20, na namba ikifikia kiwango fulani jambo limewezekana. Hakuna pesa mezani. Hakuna anayemshinda mwenzake, wanashinda au wanashindwa wote pamoja, na hadithi moja yaweza kuchukua miezi.

Ukiyaondoa madadu na majina ya Kizungu, mzee yeyote wa mtaani kwetu ataona kitu anachokijua. Bibi alikuwa akikaa mkekani jioni, anasema "paukwa", tunamwitikia "pakawa", na usiku unakwenda. Tofauti ni moja. Kwa bibi sisi tulisikiliza tu. Sungura alikwenda alikotaka bibi. Katika mchezo huu mtoto anaruhusiwa kusema: "Na nikikataa kuufungua mlango huo?" Msimulizi analazimika kufikiri na kumjibu.

Tuseme ukweli pia kuhusu mahali ambapo kijana asiyekuwa kibarazani huwa yuko. Yuko kwenye simu akitazama video za nusu dakika, au yuko kwenye nyumba ya kubeti akiwekea mpira wa Ulaya fedha aliyopewa ya daftari. Hiyo ndiyo kamari yenyewe, wala haihitaji mjadala wa wanazuoni, lakini hatujamsikia mzazi akiipigia kelele kama anavyoupigia mchezo wa karatasi. Na umeme unapokatika, kama unavyokatika mara kwa mara, simu inazima na vijana wa kibarazani wanawasha mshumaa wanaendelea.

DADU

Hapa ndipo penye uzito, na hatutapita haraka.

Wazazi wanaolikataa dadu hawakulikataa kwa ushamba. Imo hadithi sahihi katika Sahih Muslim inayokemea vikali mchezo wa nardashiri, ambao ulikuwa ukichezwa kwa dadu, na wanazuoni wengi wa madhehebu manne wameuharamisha hata usipokuwa na dau. Wako waliosema ni makuruhu tu, na wako wa zama zetu wanaoona kwamba katazo linahusu kamari, hivyo dadu lisilo na dau halina ubaya. Sisi si mamufti. Kila familia imwulize sheikh wake.

Lakini kuna jambo ambalo wanafunzi wetu hawalijui na lingewasaidia. Wanazuoni wa Kishafii hawakuishia kuorodhesha michezo iliyo halali na iliyo haramu, walieleza sababu. Mchezo ambao msingi wake ni hesabu na fikra hawakuuharamisha. Mchezo ambao msingi wake ni kubahatisha waliuharamisha. Ndiyo maana hukumu ya sataranji kwao ni nyepesi kuliko ya nardashiri. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefundisha Makka katika karne ya 16, katika Tuhfat al-Muhtaj alitoa mfano wa mchezo wa mashimo ambayo mawe madogo huhamishwa kutoka shimo hili hadi lile kwa hesabu, akasema si haramu. Ndugu msomaji, huo si mwingine ila bao letu, ikibuguzo kwa Kirundi, ambalo wazee wanalicheza chini ya mwembe mpaka leo! Kisha akaongeza sharti: ikiwa kete zinakwenda kwa kufuata kitu kinachorushwa ili kipatikane cha bahati, hapo hukumu inageuka.

Basi ukiupima mchezo wa mezani kwa kipimo hicho utaona umechanganya. Kuamua uvuke mto kwa njia gani ni fikra. Namba inayotoka ni bahati. Vijana wengine wakadhani wamepata ujanja: wakaacha dadu, wakaandika namba kwenye vikaratasi vilivyokunjwa, wakachota kutoka kwenye kofia. Tusijidanganye. Ikiwa tatizo ni kubahatisha, kofia ni dadu la kitambaa.

Sisi tumechukua njia nyingine, na si uvumbuzi wetu kuucheza mchezo wa aina hii bila dadu. Tangu 1991 kuna mchezo uitwao Amber, wa Erick Wujcik, ambao hauna dadu hata moja. Wetu ni wa maharage. Kila mchezaji anaanza jioni na maharage kumi. Anapotaka kufanya jambo gumu, msimulizi anamtajia bei waziwazi, na mchezaji anaamua: alipe, aache, au atafute njia yenye akili zaidi ili bei ishuke. Kuogelea Ruzizi usiku ni maharage manne. Lakini mtoto akisema, "Nitangoja alfajiri, nitafunga kamba kwenye mti, mwenzangu atashika ncha nyingine," bei inashuka hadi harage moja. Matokeo yametushangaza. Watoto waliokuwa wakirusha dadu na kupiga kelele sasa wanakaa kimya wanapanga. Wanahesabu maharage ya wenzao. Mwenye mengi anaombwa na asiye nayo, na hapo ndipo unapomjua mchoyo na mkarimu. Tena maharage yanarudi chunguni mchezo ukiisha, hakuna kilichonunuliwa dukani.

Kuhusu gharama, tuliseme kwa kifupi. Kitabu kimoja cha kanuni cha mchezo ule mkubwa huuzwa Marekani kwa karibu dola 50, na vitabu vya msingi ni vitatu. Hakuna haja. Januari 2023 wenye mchezo waliziachia kanuni zake za msingi zitumike bure na mtu yeyote, na baadaye mwaka huo zikatolewa kwa Kifaransa pia. Anayezitaka atazipata bila kuiba. Sisi tumetumia kurasa chache tu kati ya mamia.

MAJINI, MAZIMWI NA FARASI MWENYE MBAWA

Hofu ya pili ni ya itikadi. Kwenye vitabu vya Wamarekani mna wachawi, mashetani na miungu ya kila aina. Mwaka 1980 walitoa kitabu kizima cha miungu, Deities & Demigods, humo wamepangwa miungu ya Wagiriki, ya Wamisri na ya kubuni. Mzazi Mwislamu akikishika kitabu kama hicho mkononi mwa mwanawe wa miaka 12 ana haki ya kushtuka. Sisi tumeyaacha hayo yote. Mchezo haufi kwa kukosa miungu ya uongo. Hatuna mhusika mchawi, tuna tabibu wa mitishamba, nahodha, mpishi, mkalimani, mpagazi, fundi chuma. Anayetaka zaidi ya hapo ana Sindibad, ana Abunuwasi, ana tenzi za zamani za pwani zilizojaa vita na majini, kazi za Waislamu wenzetu waliojua tofauti kati ya hadithi na akida.

Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakasema hata kubuni kiumbe kisichokuwapo ni uongo, na uongo ni dhambi. Hawa tunawakumbusha kisa kilichopokewa katika Sunan Abu Dawud. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (S.A.W.) akamwuliza ni nini kile, na farasi gani huyo mwenye mbawa. Akamjibu kwa kumtajia farasi wa Nabii Sulaiman. Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Hakulitupa lile farasi, wala hakumkemea.

Huko Marekani kwenyewe hofu hii iliwahi kuwa kubwa kuliko ya kwetu, na inafaa tuijue ilivyokwenda. Mwaka 1979 kijana wa miaka 16, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alitoweka. Mpelelezi aliyeajiriwa na familia akatangaza kwamba huenda amepotea kwenye mahandaki ya chuo akicheza mchezo huu. Magazeti yakashika hapo. Kijana hakuwa mchezoni. Alikuwa mpweke, mdogo kuliko wenzake wote, amelemewa na matarajio ya watu wazima, na mwaka uliofuata alijiua. Mwaka 1982 mama mmoja wa Virginia alifiwa na mwanawe kwa njia hiyo hiyo, akaamini mchezo ndio sababu, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kuupinga. Mwaka 1985 jambo likafika kwenye televisheni ya taifa zima. Watafiti walipochunguza hawakupata uthibitisho kwamba mchezo unawaua watoto. Kampuni nayo, kwa kuogopa kelele, ikaondoa majina ya mashetani katika toleo la 1989, kana kwamba shida ilikuwa ni majina.

Hatumcheki mama yule, Mwenyezi Mungu atuepushe na msiba kama wake. Tunalotaka mzazi wa Bujumbura alione ni kwamba miaka mingi ilitumika kukagua kisanduku cha mchezo, na kijana mpweke wa miaka 16 hakukaguliwa na mtu.

NANI ANASIMULIA?

Kwa maoni yetu swali la dadu lina jibu, na la mazimwi lina jibu. Swali lisilokuwa na jibu rahisi, na ambalo hakuna mama aliyetuuliza, ni hili la msimulizi. Mchezo huu unampa mtu mmoja mamlaka juu ya fikra za watoto watano kwa saa mbili. Yeye ndiye anayesema adui ni nani. Yeye ndiye anayesema watu wa kijiji kile ni wema au ni wezi.

Wanafunzi kadhaa wametuletea hoja kwamba mchezo huu hauna neno kwa sababu mmoja wa waasisi wake alikuwa Mwislamu. Ni kweli alikuwepo. Muhammad Abd-al-Rahman Barker, Mmarekani aliyesilimu, alikuwa mwalimu wa Kiurdu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1975 ulichapishwa mchezo wake Empire of the Petal Throne, wenye nchi ya kubuni aliyoipa hata lugha yake yenyewe. Alifariki 2012. Lakini wanafunzi wetu hawakusoma habari mpaka mwisho. Machi 2022 taasisi inayotunza kazi zake ilikiri kwamba mtu huyo huyo aliandika, kwa jina la uongo, riwaya iliyotoka 1991 yenye kuwatukuza Wanazi na kuwachukia Mayahudi. Aliwahi kukaa kichwa cha meza kwa miaka mingi akiwasimulia watu. Basi jina la Kiislamu si cheti, na kipaji cha kusimulia si cheti.

Sisi wa nchi hii hatuna haja ya kwenda Minnesota kujua hadithi inaweza kufanya nini. Tumesikia kwa masikio yetu redio za chuki. Tumesikia pia kinyume chake: Studio Ijambo, iliyoanzishwa hapa Bujumbura 1995, ilirusha kuanzia 1997 mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, wa mwandishi Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Mamia ya vipindi, wakati vita inaendelea. Watu walikaa karibu na redio kusikia jirani wa upande wa pili anaogopa nini, kwa sababu kwenda kumwuliza uso kwa uso haikuwezekana.

Kwa hiyo tulipoanza kusimamia mchezo nyumbani tuliweka kanuni moja kabla ya zote. Mambo ya 1993 na yaliyofuata hayachezwi. Hakuna mhusika wa kabila fulani, hakuna vizuizi vya barabarani, hakuna mtaa uliochomwa. Mezani pamekaa watoto ambao bibi zao walikimbilia Uvira na wengine ambao babu zao hawakufika. Msimulizi wa miaka 17 hana haki ya kulichukua hilo akalifanya tukio la jioni.

Hata hivyo hatukutaka hadithi tupu za hazina na nyoka. Tulichagua ziwa letu, mwezi wa Novemba 1871. Mwaka huo Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kuja huku kaskazini kutazama kama Ruzizi inaingia ziwani au inatoka, kwa kuwa wakubwa wa jiografia Ulaya walikuwa wakibishana. Kila mtoto wa Bujumbura analijua jibu, na hilo liliwafurahisha sana. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya mji, ni kumbukumbu ya kutua kwao. Katika mchezo wetu Wazungu wawili ni abiria tu, wamekaa nyuma wanaandika. Hadithi ni ya wapiga kasia, mkalimani, mpishi. (Watoto wakaingiza na mamba Gustave, ingawa mwaka 1871 Gustave hakuwapo. Tuliwaachia.)

Jioni ya tatu mtumbwi ulitua pwani usiku, chakula kimekwisha. Hapo palikuwa na kambi ya msafara. Mkuu wa msafara aliwapokea kwa salamu yetu hii hii, akaswali nao, akawapa tende. Ni mtu mwema, wachezaji wakampenda. Kisha akawaomba: ana mateka sita, wapakieni hadi Ujiji, ujira wake mizigo miwili ya nguo. Nguo ndiyo ilikuwa fedha ya ziwani wakati ule, na bila nguo hakuna unga. Wavulana wawili wakasema mara moja tukubali. Mmoja akasema tukubali halafu tuwafungue njiani, akauliza bei, akaambiwa maharage sita, nao kwa jumla walikuwa na matano. Binti wa miaka 13, ambaye ndiye mkalimani, alikuwa hajasema kitu. Msimulizi akamwambia: "Mkuu anangoja utafsiri idadi." Akajibu: "Sitafsiri." Wenzake wakamwambia watakufa njaa. Akasema basi tafuteni mkalimani mwingine. Wakabishana mpaka adhana ya Magharibi ikawakuta hawajaamua, mchezo ukaishia hapo, na wiki nzima walikuwa wakiulizana njiani kwenda shule.

Wazazi wawili walikuja kutulalamikia. Walisema mnawaonyeshaje watoto Mwislamu anayeuza watu? Swali ni la haki na tuliwajibu kwa heshima. Ujiji ilikuwa soko la pembe na la watu, na misafara yake ilikuwa ya ndugu zetu katika dini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash, na biashara yenyewe huku bara haikuisha siku ile. Sisi wa Buyenzi, tunaozungumza lugha ya misafara ile, tumetokana na nani? Na mfanyabiashara? Na mpagazi? Na mmoja wa wale sita? Katika nyumba nyingi jibu ni wote watatu. Mtoto atalisikia jambo hili siku moja kutoka kwa mtu asiyetupenda, naye atalisimulia atakavyo yeye. Mmoja wa wazazi wale amekubali. Mwingine amemtoa mwanawe, na ni haki yake, hatukumlaumu.

Wapo watakaouliza kwa nini la 1871 lichezwe na la 1993 lisichezwe. Hatuna mstari ulionyooka. Tunajua tu kwamba wa 1871 hawapo tena mlango wa pili, na wa 1993 tunakutana nao kwa muuza mkate.

Mambo ya utaratibu ni machache. Tunacheza Jumamosi baada ya Alasiri, kuanzia saa kumi, na tunafunga saa kumi na mbili kasorobo, hadithi ifike wapi isifike, ili watu watawadhe kwa utulivu. Mwezi wa Ramadhani hatuchezi mchana, kwani watoto wamechoka na maneno yanakuwa makali. Wachezaji wasizidi sita. Siku za mitihani meza inafungwa. Wasichana na wavulana wadogo wanakaa pamoja mbele ya wazazi, wakubwa wana meza zao mbalimbali, na meza ya wasichana wakubwa inasimuliwa na mama mmoja ambaye, tuseme wazi, anawashinda wanaume wote katika kazi hii. Anasimulia kama anavyopika, hapimi kitu na hakosei chumvi.

Na msimulizi kijana hakatazwi. Anasimulia akiwa na mtu mzima mezani, si mlangoni, naye mtu mzima huyo anacheza kama wengine. Anapewa maharage yake kumi. Baba mmoja dereva alikuja kumchukua mwanawe, akalazimishwa kukaa, akawa mpishi wa mtumbwi. Aliyamaliza maharage yote kumi katika nusu saa kwa kugombana na mamba, na Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya watoto.

Mkalimani wetu bado amekataa. Jumamosi hii mtumbwi ungali pale pwani, na nafasi za wapiga kasia wawili ziko wazi. Mzazi atakayemleta mtoto aje na kalamu mbili, ya mtoto na yake.

Wabillahi tawfiiq.